Herufi za Garamond na Haki ya Jina



Karibu kila kikundi cha parokia hufikiwa na siku ambayo mmoja wenu huketishwa mbele ya kompyuta na kuambiwa: «Tupangie kijitabu.» Huenda ni kijitabu cha nyimbo za Pasaka, au cha yubilei ya parokia, au cha kumuaga padri anayehamishwa. Maneno yapo tayari. Kilichobaki ni kuyavika sura. Ndipo hufungua orodha ya herufi, na humo hukutana na majina: Garamond, Sabon, Granjon, Plantin. Wengi huchagua kwa jicho tu, kama mtu achaguavyo kitenge sokoni, wala si dhambi. Lakini majina hayo hayakuwekwa pale kwa urembo. Kila moja ni la mtu aliyeishi, aliyefanya kazi kwa jasho, na ambaye mkono wake bado unaonekana katika maandishi tunayoyasoma. Tena, katika jina lililo mashuhuri kuliko yote hayo, yaani Garamond, limejificha kosa ambalo wataalamu wenyewe walilibeba kwa miongo mingi. Historia ya kosa hilo, na ya namna lilivyofunuliwa, inatuhusu sisi ambao kila mwaka tunaandika majina ya wenzetu katika vitabu, au tunasahau kuyaandika.

Fundi wa Paris

Claude Garamont, ambaye baadaye dunia ilizoea kumwandika Garamond, alikuwa fundi wa kuchonga herufi mjini Paris katika karne ya 16. Ili kuielewa kazi yake, tukumbuke jinsi herufi zilivyotengenezwa zamani zile. Fundi alichukua kijiti cha chuma, akachonga kwenye ncha yake herufi moja tu, tena iliyogeuzwa kama ionekanavyo kwenye kioo. Alipokwisha kukigumisha kijiti hicho kwa moto, alikigonga juu ya kipande cha shaba, na alama ya herufi ikabaki imezama katika shaba. Kisha kipande hicho kilitiwa katika kalibu, risasi iliyoyeyushwa ikamiminwa ndani yake, na ikatoka herufi ya kuchapia. Kijiti kimoja kiliweza kuzaa vipande vingi vya shaba, na kipande kimoja cha shaba kilizaa maelfu ya herufi za risasi. Kwa hiyo herufi ziliuzwa, zikarithiwa, zikasafiri nchi za mbali, ilhali mwenye mkono uliozichonga alikwisha lala kaburini.

Garamont aliifanya kazi hiyo kwa ustadi ambao wachapaji wa wakati wake waliutambua. Mwaka 1540 alipewa kazi ya kuchonga herufi za Kigiriki kwa ajili ya mfalme François wa Kwanza, kwa kufuata mwandiko wa Angelo Vergecio, mwandishi mwenye asili ya Krete. Vijiti vya herufi hizo vimehifadhiwa Ufaransa hata leo. Herufi zake za Kilatini zilikuwa tulivu na zenye uwiano, wala hazikumvuta msomaji azitazame zenyewe badala ya kusoma. Na kwa ajili ya utulivu huo zilienea Ulaya nzima.

Lakini tusiupake wakati ule rangi nzuri kuliko ulivyokuwa. Ulikuwa wakati wa Wakristo kuwindana wao kwa wao. Antoine Augereau, mchapaji na mchongaji wa herufi mjini Paris, aliuawa mwezi wa Desemba 1534 katika msako wa wale waliodhaniwa kuwa wazushi. Robert Estienne, mchapaji mkubwa wa Maandiko Matakatifu, alilazimika kuhamia Geneva mwaka 1550. Herufi zile zile nzuri zilitumika kuchapa sala na kuchapa matusi, kusifu na kulaani. Chombo hakimchagulii mtu njia. Mwenye kuchagua ni yule anayekishika.

Garamont alifariki mwaka 1561, na vifaa vyake vikauzwa. Sehemu ilinunuliwa na Christophe Plantin, Mfaransa aliyekuwa amehamia Antwerp, katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Plantin ndiye aliyechapa, kati ya 1568 na 1572, Biblia maarufu yenye lugha tano katika vitabu vinane. Kiwanda chake kilirithiwa na kizazi baada ya kizazi, mpaka mji wa Antwerp ulipokinunua mwaka 1876 na kukifanya nyumba ya makumbusho, na mwaka 2005 UNESCO ikakiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Sehemu nyingine ya kazi ya Garamont ilifika Frankfurt, Ujerumani. Huko, mwaka 1592, mwenye kiwanda aliyeitwa Conrad Berner alichapa karatasi moja ya vielelezo kuwaonyesha wateja herufi alizokuwa nazo. Tendo lake lilikuwa dogo, nalo ni la haki: kando ya herufi aliandika majina ya waliozichonga. Hizi wima ni za Garamont. Hizi za mlazo ni za Robert Granjon. Tuikumbuke karatasi hiyo, maana tutairudia.

Fundi wa Sedan

Miaka kama hamsini baada ya kifo cha Garamont, palikuwa na mchapaji mwingine, Jean Jannon, aliyezaliwa mwaka 1580. Alikuwa Mprotestanti, akafanya kazi katika mji wa Sedan, ambao wakati huo ulikuwa na mtawala wake na ulikuwa na chuo cha Waprotestanti. Jannon hakuridhishwa na hali ya uchapaji aliyoiona, akaamua kujichongea herufi zake mwenyewe. Mwaka 1621 alichapa kitabu cha vielelezo vyake. Alizifuata njia za Garamont, lakini mkono wake ulikuwa na tabia yake: herufi zake ni kali zaidi, zinainama kwa pembe zisizolingana, na vikono vidogo vilivyo juu upande wa kushoto wa m, n na p vimechongoka na kubonyea kuliko vya Garamont.

Mwaka 1640 kilianzishwa Paris kiwanda cha uchapaji cha mfalme, na mwaka uliofuata kikanunua vifaa kutoka kwa Jannon. Vipande vyake vya shaba vikawekwa ghalani. Watu waliojua vilikotoka wakafa. Daftari zikafunikwa na vumbi. Ilipofika karne ya 19, wasimamizi walizikuta herufi nzuri za kale, zenye sura ya Kifaransa, zisizo na mwenyewe. Wakajiuliza ni za nani, wakajibu kama watu wengi wanavyojibu pasipo na ushahidi: kazi nzuri lazima iwe ya mtu mashuhuri. Wakaziita za Garamont.

Kosa hilo halikuwa la uovu. Lakini lilizaa watoto. Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vya herufi vya Marekani na Uingereza vilitaka kuhuisha herufi za kale, kwa kuwa wasomaji walikuwa wamechoshwa na herufi hafifu za karne iliyotangulia. Kiwanda cha American Type Founders kilitoa «Garamond» yake; kile cha Monotype, Uingereza, kikatoa yake mwaka 1922. Zote mbili zilifuata mfano wa herufi zilizokuwa Paris, yaani herufi za Jannon. Hivyo Mprotestanti wa Sedan akafufuliwa mbele ya dunia nzima chini ya jina la mtu mwingine.

Aliyeliona kosa

Beatrice Warde alikuwa kijana Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1900, aliyefanya kazi katika maktaba ya American Type Founders. Mkuu wake, Henry Lewis Bullen, alimwambia siku moja kwamba alikuwa na mashaka juu ya herufi hizo zilizosifiwa sana, kwa kuwa hakuwahi kuziona katika kitabu chochote cha wakati wa Garamont. Neno hilo lilibaki moyoni mwa Beatrice. Alipohamia Ulaya alianza kupekua vitabu vya kale, akilinganisha ukurasa na ukurasa, herufi na herufi. Katika maktaba ya Mazarine, mjini Paris, kulikuwa na kile kitabu cha vielelezo cha Jannon cha mwaka 1621. Alipokitazama, herufi zilizoitwa za Garamond zilikuwamo, na jina la mwenyewe lilikuwamo pia.

Mwaka 1926 alichapisha matokeo ya utafiti wake katika jarida la *The Fleuron*. Hakutumia jina lake. Alijiita Paul Beaujon, akijua kwamba katika uwanja uliojaa wanaume huenda maandishi ya mwanamke kijana yasingepokelewa kwa uzito. Kiwanda cha Monotype kilivutiwa na makala hayo, kikamwalika «Bwana Beaujon» afanye kazi nao. Wakashangaa alipowasili mwanamke. Tazameni ajabu hii: aliyemrudishia Jannon jina lake alilazimika kulificha lake mwenyewe. Haki ilitendeka upande mmoja, ikapungua upande mwingine. Ndivyo ilivyo mara nyingi katika historia ya wanadamu, na ndiyo sababu kazi ya haki haimaliziki katika kizazi kimoja.

Kuhuisha si kunakili

Baada ya ugunduzi huo, waliotaka kumfuata Garamont mwenyewe walijua pa kwenda: kwenye vitabu vya wakati wake, kwenye vifaa vilivyohifadhiwa Antwerp, na kwenye ile karatasi ya Berner ya mwaka 1592. Jan Tschichold aliitumia njia hiyo alipotoa herufi iitwayo Sabon mwaka 1967. Wachapaji wa Ujerumani walikuwa wamemwomba herufi ambayo ingeonekana sawasawa iwe imepangwa kwa mkono au kwa mashine za aina mbili zilizotofautiana. Robert Slimbach alizitazama kwa macho yake kazi za Garamont na Granjon huko Antwerp, akatoa Adobe Garamond mwaka 1989, zama za kompyuta zilipokuwa zimeanza. Na tangu mwaka 2011 ipo EB Garamond, iliyoanzishwa na Georg Duffner wa Austria. Herufi mbili za mwanzo, E na B, ni za Egenolff na Berner, wenye kiwanda kile cha Frankfurt. Hii hutolewa bure, na kila mtu anaruhusiwa kuitumia na hata kuiendeleza.

Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyenakili tu. Wino wa zamani ulisambaa kwenye karatasi yenye unyevu. Herufi moja ilitoka nene hapa na nyembamba pale. Mwenye kuhuisha hulazimika kuuliza: je, hii ni nia ya fundi, au ni ajali ya wino? Akinakili kila doa, atakuwa amehifadhi maiti. Akibadili kila kitu apendavyo, atakuwa amelitumia jina la marehemu kuuza kazi yake. Njia iliyo katikati ni ngumu: kuupokea urithi kwa uaminifu, kisha kuutia pumzi ili uwahudumie walio hai. Sisi Wakatoliki tunaifahamu njia hiyo kwa jina lingine. Tunaiita Mapokeo. Imani tuliyopewa na mitume hatuifungii sandukuni, wala hatuibuni upya kila Jumapili. Tunaikabidhi kwa waliotufuata katika lugha wanayoielewa, tukikiri tulikoipata.

Kitabu cha Kikongo cha mwaka 1624

Historia hii ya chuma na risasi inagusa pia nchi yetu. Mwaka 1624, wakati Jannon alipokuwa bado kazini, palichapwa mjini Lisbon katekisimu yenye lugha mbili, Kireno na Kikongo, iliyosimamiwa na Mjesuiti Mateus Cardoso. Ni miongoni mwa vitabu vya kale kabisa vilivyochapwa katika lugha ya Kibantu. Mwaka 1650 katekisimu hiyo ilichapwa tena Roma, katika lugha nne, na Idara takatifu ya Uenezaji wa Imani. Jina la Cardoso tunalijua. Lakini Kikongo kile hakikutoka Lisbon. Kilitoka vinywani mwa walimu Wakongo wa kanisa la São Salvador, mji mkuu wa Ufalme wa Kongo, ambao walijua neno gani la lugha yao lingeweza kubeba neema, dhambi na wokovu. Wao ndio wachongaji halisi wa maneno yale, na majina yao hayamo katika jalada.

Tunalijua pia jambo la jina lililokosewa. Wanaosimulia maisha ya Mwenyeheri Anuarite hueleza kwamba alipoandikishwa shuleni, jina la dada yake liliandikwa daftarini badala ya lake mwenyewe, Nengapeta. Kosa hilo dogo la kalamu halikufutika. Lakini ukweli wake ulikumbukwa na kusimuliwa, na leo tunamwomba kwa majina yote mawili: Anuarite Nengapeta. Kosa lisilofichwa haligeuki kuwa uongo.

Tufanye nini sisi?

Turudi sasa kwa yule kijana aliye mbele ya kompyuta. Akichagua herufi iitwayo «Garamond» tu, kama ilivyo katika programu za ofisi za Microsoft, anatumia ile ya Monotype, yaani mkono wa Jannon. Si kosa kuitumia. Ni nzuri, na inapendeza kujua kwamba sala za Kikatoliki zinavaa vazi lililoshonwa na ndugu Mprotestanti. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya umoja wa Wakristo ya mwaka 1964, ulitufundisha kuyatambua kwa furaha mema yaliyomo kwa ndugu zetu waliotengana nasi. Lakini tuitumie kwa kujua. Akitaka mkono wa Garamont mwenyewe, achukue EB Garamond au Sabon.

Kabla ya kuamua, ajiulize maswali ya kawaida pia. Je, kijitabu kitatolewa fotokopi? Herufi nyembamba hukatika katika mashine iliyochoka, na ile ya Monotype ni nyembamba; basi na aijaribu kwanza kwa ukurasa mmoja. Je, wazee wataisoma kwenye misa ya alfajiri, katika mwanga hafifu? Basi na aikuze. Je, kuna nyimbo za Kilingala zenye ɛ na ɔ, au maneno ya Kifaransa yenye alama juu ya herufi? Na ahakikishe kwamba herufi hizo zote zimo, zisije zikaazimwa kutoka sura nyingine na kusimama katikati ya neno kama mgeni asiye na kiti. Je, herufi ameipata kwa halali? Kitabu cha sala kisichapwe kwa kitu kilichoibwa.

Na atakapomaliza, asifunge kijitabu bila kuufanya ule wema mdogo wa Berner. Katika ukurasa wa mwisho aandike: herufi hizi zilichongwa na nani, zilihuishwa na nani, maneno yalipigwa chapa na nani, nyimbo zilitungwa na nani. Hapa ndipo penye uzito. Ni mara ngapi, chini ya wimbo tunaouimba kila mwaka, tumeacha nafasi tupu, au tumeandika jina la padri aliyeukusanya, ilhali ulitungwa na katekista wa kijiji ambaye watoto wake wako hai na wangeweza kuulizwa? Ni mara ngapi mama aliyefundisha sauti ya pili hatajwi popote? Hatukukusudia ubaya, kama wale wasimamizi wa Paris hawakukusudia. Tulidhani tu kwamba kazi nzuri lazima iwe ya mtu mashuhuri. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo; kumnyima jirani kazi yake na kumpa mwingine ni namna ya ushuhuda huo, hata kama kinywa kimefanya hivyo kwa kukaa kimya.

Mungu hahitaji ukurasa wetu wa mwisho ili kuwajua walio wake. Kwake majina yao yote yameandikwa. Wenye kuuhitaji ni sisi, ili tuzoee kuona kama anavyoona. Wazee wanaojua ni nani alitunga nini bado wako nasi, lakini si kwa miaka mingi. Kijana mmoja mwenye daftari na subira, kama yule wa maktaba, anaweza kuwatembelea kabla ya Majilio.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika kitabu cha nyimbo cha parokia yetu, ni nyimbo zipi zisizo na jina la mtunzi? Nani kati ya wazee wetu anaweza kutusaidia?

2. Ni mema gani tuliyoyapokea kutoka kwa Wakristo wa madhehebu mengine, tukayatumia bila kuwashukuru?

3. Beatrice Warde alificha jina lake ili asikilizwe. Je, katika kikundi chetu kuna ambaye neno lake husikilizwa tu likisemwa na mtu mwingine?